Uso Wangu, Sauti ya Mwingine

4 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye chumba cha kuhariria, chenye dirisha moja lisilofunguka na feni ambayo kelele zake ni nyingi kuliko upepo. Mimi sijambo, ila macho yamekuwa mekundu kwa kutazama skrini kutwa. Dada yangu hajambo? Mwambie goti lake alipeleke hospitali, aache kulitibu kwa kulilalamikia. Na yule jirani yenu, ameuzibua mtaro au bado mnarushiana maneno juu ya ukuta?

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei, na sikulaumu, hata mimi simu hii ningeitupa kama ningeweza. Kazi inakwenda. Mhariri wetu namwita Mkasi, maana haoni picha bila kutamani kuikata. Amekutazama wewe kwenye skrini wiki nzima, na juzi akageuza kiti akaniuliza, "Huyu binti ulimtoa wapi?" Nikamwambia nilimtoa nyumbani. Siku hiyo nilivimba kichwa mpaka jioni.

Lile onyesho la jikoni, wewe na yule mwigizaji wa kaka yako tunayemwita Staa, ndilo moyo wa filamu. Pale kaka anaporudi baada ya baba kufa, na dada anagundua kwamba anataka kuiuza karakana ya redio ya marehemu. Staa akasema maneno ambayo hayakuandikwa popote, wewe ukakwama, ukabaki unamtazama kimya mpaka machozi yakamtoka kweli kweli. Nashukuru sikusema "kata". Kila mgeni anayeingia humu namwonyesha kipande hicho, namwambia, hii haiigizwi, hii ni bahati.

Kuna marekebisho madogo ya sauti yanaendelea. Ni mambo ya kiufundi tu, usijali. Filamu ikikamilika wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuiona.

Mjomba wako


15 Machi

Shikamoo mjomba,

Mama amesimama nyuma ya kiti changu. Anasema barua haianzi na swali, inaanza na habari za nyumbani. Basi habari ni hizi. Goti linauma na hospitali hajaenda. Jirani amezibua mtaro wake kwa kuuelekeza kwetu. Mimi niko palepale, chumba cha kufulia cha hospitali, zamu ya asubuhi. Imeletwa mashine mpya inayonguruma kwa sauti moja, haipandi wala haishuki, naipenda sana. Wenzangu wanaiita mke mwenza, kwa jinsi msimamizi anavyoifutafuta kuliko anavyofuta viatu vyake. Habari zimekwisha na mama ameondoka.

Marekebisho ya sauti ni nini?

Umeandika "usijali". Mtu akiniambia nisijali ndipo ninapoanza kujali. Nakuuliza kwa sababu wakati wa kupiga picha mambo mengi yaliitwa madogo. Ile taa ya jikoni iliyokuwa ikilia kama mbu ilikuwa jambo dogo, mpaka nikaenda kukaa chini ya meza na kukataa kutoka, ndipo ikabadilishwa. Kupangua ratiba asubuhi bila kuniambia jana yake lilikuwa jambo dogo. Sikatai kwamba mengi mliyarekebisha. Ulipiga marufuku watu kunipigia kelele za "haya, anza", ukawa unanyoosha mkono tu, na mimi nikafanya kazi vizuri.

Filamu nyingi nilizoona, mtu mwenye usonji huchezwa na mtu asiye nao. Anatikisa mikono kama anafukuza nzi, hamtazami mtu usoni, halafu anapewa tuzo na kulia jukwaani. Wewe ulikuja jikoni kwetu ukasema safari hii mtu hatachezwa, atacheza mwenyewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama alikuwa anamenya viazi, akakwambia, "Hebu rudia, nisije nikaambiwa nilisikia vibaya." Ukarudia.

Kwa hiyo naomba jibu.

Mpwa wako


20 Mei

Mpwa wangu,

Nisamehe sana kwa kukukalia kimya. Huku kumekuwa na mvua za kukera, Mkasi akashikwa na mafua akaniambukiza, tukawa tunahariri huku tunapokezana leso. Sasa tumepona. Goti la dada yangu vipi? Na ile mke mwenza bado inapendwa?

Habari kubwa ni kwamba mfadhili amekuja kuiona filamu. Huyu bwana sisi tunamwita Miwani. Anavaa miwani ya jua hata ndani ya chumba cha giza, sijui anatazama nini. Alikaa mpaka mwisho, na hilo si dogo, maana filamu iliyopita aliondoka kabla chai haijapoa. Amesema ina mguso. Amesema wewe una uso ambao kamera inaupenda. Yeye ndiye mwenye kuwajua watu wa majumba ya sinema, kwa hiyo ukiona ameketi mpaka mwisho, ujue tumebakiza hatua chache.

Ana mawazo yake mawili matatu, kama walivyo wafadhili wote. Anataka maandishi mwanzoni mwa filamu ya kuwaeleza watu kwamba una usonji, ili wajiandae. Nimemuuliza wajiandae na nini. Hilo naendelea kumbania.

Kuna pia dada mmoja, mwigizaji wa michezo ya redio, amekuja kutusaidia kwa siku chache. Ni mtu mchangamfu, chumba kimepata uhai kidogo. Feni bado haijatengenezwa.

Nisalimie wote kazini kwako.

Mjomba wako


29 Mei

Shikamoo mjomba,

Nyumbani hatujambo, kazini hatujambo, mtaro unanuka.

Umejaza kurasa mbili. Humo mna mvua, mafua, leso, feni na miwani ya mfadhili. Swali langu umeliruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Sasa nina maswali mawili. Marekebisho ya sauti ni nini, na yule dada wa redio anawasaidia nini?

Mama anasema nikuache kwanza, una shughuli nyingi. Lakini naye anapiga sufuria kwa kishindo tangu aliposoma barua yako, kwa hiyo sidhani kama amekuacha.

Nikueleze kwa nini nauliza. Kazini mimi siongei. Si kwamba nawachukia, ni kwamba wanaongea wote kwa pamoja, na nikipata cha kusema wao wako kwenye habari nyingine. Msimamizi alinisikia namwambia mtu wa pasi kuhusu filamu, wakanizunguka wote. Mmoja akauliza, "Na wewe humo unaongea, au unapitapita tu?" Nikamjibu naongea kuliko wote, mtanisikia. Walicheka lakini si kwa ubaya. Tangu siku hiyo wananiuliza kila asubuhi filamu inakuja lini.

Jibu maswali mawili. Habari nyingine sizihitaji.

Mpwa wako


11 Juni

Mpwa wangu,

Salamu za leo ni fupi. Mama yako nimeongea naye kwa simu, na goti lake naambiwa linaendelea vizuri. Hilo alilisema kabla hajanikatia.

Ulitaka jibu, basi lipokee. Miwani anataka sauti yako itolewe kwenye filamu yote, iwekwe ya yule dada wa redio. Anasema watazamaji watadhani vyombo vyetu ni vibovu. Anasema unayatamka maneno yote kwa kimo kimoja, "kama mashine inayotangaza treni". Nilibisha. Nilipiga meza mpaka chai ya Mkasi ikamwagika. Nikamwonyesha tena lile onyesho la jikoni, nikamwambia tazama, binti kakwama tu, hata hasemi, na chumba kizima kimezuia pumzi. Akaniambia, "Hapo ndipo pazuri, kwa sababu hasemi." Kisha akasema bila sauti nyingine filamu hii haitaliona jumba la sinema, itakaa kwenye kabati la Mkasi mpaka sote tuote mvi. Nimekubali. Kazi imeshaanza, ndiyo sababu ya yule dada kuwepo hapa.

Usidhani nimefurahi. Hujui ninavyomeza. Nimegonga milango miaka na miaka kwa ajili ya filamu hii. Watu wamenicheka usoni kwamba nataka kumweka mgonjwa mbele ya kamera, na kila mmoja nimemjibu. Nimegombana na marafiki. Nimechukiwa na mafundi wa taa kwa ajili ya taa yako. Sasa nimebakiza kizingiti kimoja, maji yamenifika shingoni, na wewe na mama yako mnanigeuka kana kwamba mimi ndiye adui. Uso ni wako. Mikono ni yako. Watu watakuona wewe, siyo yule dada. Ni sauti tu.

Hebu niambie, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mjomba wako


25 Juni

Shikamoo mjomba,

Mama anasema swali lako la mwisho halitaki jibu, ni hasira tu zimekutoka. Lakini umeniuliza, na mimi nimelifikiria siku zote hizi nikikunja mashuka.

Ningekuwa wewe, ningeutoa na uso. Kama yule dada ana sauti nzuri, basi apewe na jikoni, na karakana, na kaka, apigwe picha upya mwanzo hadi mwisho. Itakuwa filamu yake na nitaenda kuitazama. Au ningemwacha Miwani aende zake, nikatafuta ukuta mweupe na shuka, watu wakakaa kwenye mabenchi. Hayo mawili ningeweza. Hilo ulilofanya wewe nisingeweza, kwa sababu hapo mimi sichezi tena, nachezwa. Na ulisema jikoni kwetu kwamba sitachezwa.

Kuna jambo jingine, na hili limeniuma kuliko hilo la sauti.

Tangu barua ya kwanza unaandika kwamba nilikwama. Umemwambia Mkasi, umewaambia wageni, umemwambia Miwani. Mjomba, sikukwama. Staa ndiye aliyepotea. Alisema maneno ambayo hayamo, kisha nikaona macho yake yamehama, akawa hajui arudi vipi. Mimi hali hiyo naijua. Nikipotea katikati ya maneno, watu huniwahi, kila mmoja ananimalizia sentensi yake, na mimi nazidi kuzama. Mama peke yake ndiye hukaa kimya akaniangalia mpaka nirudi. Basi nikamfanyia Staa hivyo. Na yule dada wa kwenye filamu angemfanyia kaka yake hivyohivyo, hata kama amemchukia siku hiyo. Nilimjua vizuri yule dada. Nilikuwa naenda naye kazini, narudi naye, nakula naye.

Nilikuwa naigiza. Nililiamua, na nililishikilia hata shingo ilipoanza kuuma. Ndiyo kazi bora niliyofanya kwenye filamu nzima, na wewe unawaonyesha watu ukiiita bahati.

Miwani anasema natamka kama mashine. Ni tusi, lakini yeye angalau anakubali kwamba kuna kitu nilikuwa nafanya. Wewe unadhani kilinitokea tu, kama kupiga chafya.

Goti la mama limepona. Hospitali alikwenda.

Mpwa wako


30 Agosti

Mpwa wangu,

Natumai barua hii inawakuta mkiwa wazima nyote, na goti limetulia. Barua yako ya Juni niliipata. Niliisoma.

Nilianza kukujibu mara kadhaa, kazi zikaingilia. Sasa filamu imekamilika. Itaonyeshwa huko kwenu, katika jumba la sinema, jioni ya tarehe 20 Septemba. Nimewawekea viti wewe na mama yako safu ya tatu, katikati, mahali ambapo spika haziko karibu na masikio, na nimeomba taa zizimwe polepole. Wenzako wa kazini pia wana nafasi, waseme tu jina langu mlangoni.

Yale maandishi ya mwanzoni nimefanikiwa kuyaondoa. Kwa hilo nilikaza, na Miwani akasalimu amri. Hilo la sauti limebaki kama nilivyokueleza. Onyesho la jikoni limepunguzwa kidogo, kwa ajili ya mwendo wa filamu. Nilijaribu.

Mimi mwenyewe sitakuwepo, nina safari ya kikazi wiki hiyo. Staa atakuja. Vaa lile gauni la kijani, mama yako anasema halikuwashi.

Wasalimie.

Mjomba wako


24 Septemba

Shikamoo mjomba,

Nyumbani hatujambo. Jirani amehama, lakini mtaro ametuachia.

Tulikwenda. Wenzangu wa kazini walijaza safu nzima nyuma yetu, mtu wa pasi amejipaka manukato mpaka nikabadilishana kiti na mama. Taa zilizimwa polepole, asante kwa hilo. Kabla ya filamu Miwani alipanda jukwaani na miwani yake akatoa hotuba. Hayo maandishi uliyomkatalia aliyasema yote kwa mdomo. Alisema mhusika mkuu ni binti mwenye changamoto, tumwonee huruma tunapomtazama, na kwamba yeye na wenzake wanajivunia kuwapa sauti wasio na sauti. Watu wakapiga makofi. Mama hakupiga.

Filamu ikaanza. Nikajiona naingia karakana, nagusa redio moja moja, nafungua mdomo, na humo mdomoni ikatoka sauti ya yule dada. Ni sauti nzuri, mjomba, sitaki kumwonea. Ni sauti ya kutangaza sabuni. Mwenzangu mmoja akamuuliza jirani yake, "Ndivyo anavyoongea?" Mwingine akajibu, "Sasa mimi nitajuaje?"

Hapo nikaanza kusema.

Sikupiga kelele. Nilisema maneno yangu kwa sauti ileile niliyoyasemea siku ya kupiga picha, na kwa wakati uleule, kwa sababu yote ninayo. Mwanzoni watu wa mbele waligeuka. Mwanamume mmoja akaniambia ninyamaze. Nilinyamaza pale ambapo dada wa kwenye filamu ananyamaza, basi. Akaja mlinzi wa ukumbi na tochi, akainama kwa mama akamwambia, "Mama, mtoe nje huyu, anasumbua." Mama akamjibu, "Mwanangu yuko kazini. Zima tochi." Mlinzi akaizima.

Yule dada wa redio na mimi tukaenda hivyo, yeye kwenye spika na mimi kitini, mpaka onyesho la jikoni. Hukupunguza kidogo. Kungoja kwangu umekukata kote. Staa anasema neno lake la kubuni, na hapohapo picha inarukia barabarani, hakuna aliyengoja mtu. Mimi sikuruka. Nikangoja kama nilivyongoja siku ile, kwa kadiri ileile. Filamu ikaendelea mbele bila mimi. Staa alikuwa safu ya kwanza, nikaona ameigeuzia skrini kisogo. Akakaa hivyo, ananitazama mimi, mpaka mwisho.

Kuanzia hapo nikawa nyuma ya filamu. Kule wanazika redio kwenye masanduku, mimi bado nagombana na kaka. Kule dada amefunga mlango, mimi ndio kwanza naurudia ufunguo. Filamu ikaisha, majina yakapanda, taa zikawashwa, na mimi nilikuwa nimebakiza onyesho zima la mnunuzi wa karakana. Watu wakasimama. Miwani akatoka na watu wake. Nilidhani nitanyamaza, kwa sababu ukumbi ulikuwa mweupe na wote wananiona. Lakini safu ya nyuma yangu haikusimama, wakaketi wote na manukato yao, na baadhi ya waliokuwa wameinuka wakarudi kukaa. Basi nikaendelea. Mnunuzi anafungua karakana akidhani ni tupu, na dada anamwambia toka kule kwenye giza, "Hukupiga hodi. Humu mna mtu." Nikasema hivyo na kazi yangu ikawa imekwisha.

Nilirudi nyumbani nikalala na nguo. Kichwa kiliniuma siku mbili na kazini sikwenda. Leo nimekwenda. Wenzangu hawakusema mengi, ila nilipotaka kusema jambo kuhusu mashine walinyamaza mpaka nikamaliza, kisha wakaendelea na kelele zao.

Mama anasema ulikuwepo. Anasema alikuona nyuma kabisa, umesimama karibu na mlango ukiwa na lile koti lako la kahawia, na kwamba taa zilipowashwa ulitoka haraka kabla mtu hajakuona. Mimi sikukuona, kwa hiyo sisemi ndiyo wala hapana. Nakuuliza tu, hiyo safari ya kikazi ilikuwa ya kwenda wapi?

Kama mama hakukosea, basi mwisho wa filamu yako hukuusikia, mjomba. Kwenye filamu haumo kwa sauti yangu. Ulikuwa mle ukumbini, taa zikiwa zimewashwa, na waliobaki ndio walioupata.

Mpwa wako